CHENI YA WOTE, MAFUTA YA NANI?

Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Hola na vijiji vya jirani

Wengine mmetoka hapa karibu Chewani, wengine Wenje, na wengine mmetoka kule Wayu ambako vumbi huingia hata ndani ya kikombe cha chai.

Leo hatutazungumza habari ya mbegu wala ya mikopo. Tutazungumza juu ya kitu kimoja cheusi kinachozunguka karibu na miguu yenu kila mnapopanda pikipiki. Nacho ni cheni.

Twajua kuna mtu anasema moyoni, "Ah, hiyo si kazi ya fundi?" Ngoja kidogo mama, tutafika hapo. Kwanza tuwaambie jambo lililotupata sisi wenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hafundishi mtu.

YALIYOTUPATA SISI

Ofisi yetu ina pikipiki moja. Tunaitumia watu watatu, kila mtu na siku yake. Mwezi wa Novemba 2023, wakati ule wa mvua za El Niño, mto Tana ulipanda na barabara ya kwenda Garissa ikakatika pale Madogo. Pikipiki yetu ilikuwa haipumziki. Asubuhi imebeba magunia, jioni imebeba watu. Tope likakauka juu ya cheni, likalowa tena, likakauka tena.

Siku moja jioni mwenzetu alikuwa anarudi Hola kutoka upande wa Wenje. Njiani akampakia mama mmoja mwenye mtoto wa homa kali, apate kumpeleka hospitali. Hawakwenda mbali. Cheni ilifunguka, ikajikunja pale mbele kwenye injini, na gurudumu la nyuma likashikwa likakataa kuzunguka. Pikipiki iliteleza kama ng'ombe kwenye tope. Mwenzetu alichanika mguu. Yule mama alianguka upande wa majani akiwa amemkumbatia mtoto wake, na kwa rehema za Mungu mtoto hakuumia. Lakini walikaa pale gizani mpaka vijana waliokuwa wakirudisha ng'ombe walipowakuta, na baadaye bodaboda mwingine akamchukua mama. Walifika hospitali saa tatu usiku. Mtoto alitibiwa akapona. Hata hivyo yale masaa aliyokaa gizani na homa yake ni sisi tuliyomwibia.

Kesho yake tukakaa chini. Tukaulizana: nani alisafisha cheni mara ya mwisho? Kimya. Nani aliitia mafuta? Kimya. Kila mmoja alidhani mwenziwe amefanya. Na tulipotazama vizuri tukaona kwamba siku chache nyuma tulibadilisha klipu ya kuungia cheni sisi wenyewe, na tuliitia kinyume. Kama mtu mmoja tu angalichukua tambara akaisafisha ile cheni, jicho lake lingaliona ile klipu. Ndiyo maana tunawaambia leo: kusafisha cheni si urembo. Kusafisha ni kuangalia.

CHENI NI KITU GANI?

Pikipiki imekuwa rafiki yetu mkubwa. Wazee watakumbuka bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli, kule Busia mpakani, za kuvusha watu kati ya Kenya na Uganda. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250 cc, na tangu hapo zimejaa kila kijiji. Maembe ya Wapokomo hutoka shambani kwa pikipiki. Maziwa ya Waorma huja sokoni kwa pikipiki. Hata mgonjwa, hata maiti.

Na nguvu yote hiyo ya injini hupita kwenye cheni peke yake. Mbele kuna sproketi ndogo, yaani lile gurudumu la meno, na nyuma kuna sproketi kubwa. Cheni ndiyo inayovuta kutoka ya mbele kwenda ya nyuma. Cheni ya namna hii ilibuniwa mwaka wa 1880 na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza. Mpaka leo umbo lake ni lile lile.

Ukiitazama kiungo kwa kiungo utaona vibati viwili vya pembeni, pini inayopita katikati, bomba dogo linalovaa ile pini, na rola inayozunguka juu ya lile bomba. Cheni moja ina viungo zaidi ya 100. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo siri ilipo. Mafuta yanatakiwa kule ndani, kati ya pini na bomba lake, na kati ya bomba na rola. Huko nje yanasaidia tu kuzuia kutu.

Watu husema "cheni imevutika" kana kwamba chuma kimerefuka kama mpira. Sivyo. Ni pini na mabomba yaliyoliwa. Kama kila kiungo kimelegea sehemu moja ya kumi ya milimita, na cheni ina viungo 110, basi cheni yote imeongezeka milimita 11. Ni zaidi ya sentimita nzima! Na kinachozila hizo pini ni mchanga wetu huu huu wa Tana River ukikutana na ukavu.

VITU VYA KUTAYARISHA

Si vingi, na vingi mnavyo nyumbani:
– mafuta ya taa, kikombe kimoja kinatosha
– brashi au mswaki mkuukuu
– matambara makavu mawili matatu
– bati au sufuria kuukuu ya kukingia uchafu
– oili safi ya gia, ile nzito iliyoandikwa 90. Ukikosa, oili mpya ya injini
– rula na spana zinazoingia kwenye nati zenu.

Usitumie petroli. Petroli hurukia moto upesi, na moshi wake si mzuri kifuani. Tena cheni nyingine zina mipira midogo kati ya vibati, ya kuzuia grisi ya ndani isitoke. Petroli huiharibu mipira ile, na brashi ya waya huikata.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Fanyeni jioni baada ya kazi. Cheni ikiwa na joto kidogo hupokea mafuta vizuri, na usiku kucha mafuta yanapata nafasi ya kuingia ndani.

1. Zima injini, toa funguo uweke mfukoni. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likae juu, gia iwe nyutro. Gurudumu lizungushwe kwa mkono. Tunarudia: kwa mkono! Kuna wale hodari wanaowasha injini, wakatia gia, halafu wakashika tambara kwenye cheni inayokimbia. Tambara likivutwa, vidole hufuata. Sproketi haijui kuchagua kati ya kidole na tambara.

2. Weka bati chini. Chovya brashi kwenye mafuta ya taa, usugue cheni pande zote nne: juu, chini, kulia na kushoto. Zungusha gurudumu kidogo kidogo mpaka urudi ulipoanzia. Sugua na meno ya sproketi pia. Kama pikipiki yako ina boksi la kufunika cheni, fungua uone ndani. Mara nyingi utakuta kuna shamba zima la udongo.

3. Futa kwa tambara kavu, uache ikauke kidogo. Usitie oili juu ya mafuta ya taa, itakuwa maji.

4. Sasa angalia. Kuna kiungo kilichokauka kisichokunjika? Kuna rola iliyopasuka? Iangalie ile klipu. Ina upande mmoja uliofungwa na upande mmoja wenye mdomo. Cheni ikiwa inapita upande wa juu, inakwenda mbele kuelekea injini. Basi hapo juu, upande uliofungwa ndio utangulie mbele, na mdomo utazame nyuma. Ni kama samaki: kichwa hutangulia, mkia hufuata. Ukiiweka kinyume, kijiti au tope linaweza kuing'oa. Sisi tumeshalipa karo ya somo hili, nyinyi msilipe tena.

5. Tia oili. Itie upande wa ndani wa cheni, pale chini, yaani upande unaotazama juu. Tone kwa tone, pale vibati vinapokutana, kulia na kushoto. Kwa nini ndani? Kwa sababu cheni ikizunguka kwa kasi hutupa mafuta nje. Ukiyaweka ndani, yatapita kwenye pini na rola yakielekea nje. Ukiyaweka nje, yataruka yakamchafue abiria leso.

6. Zungusha gurudumu mara kadhaa, uache kama robo saa, kisha futa yale ya ziada. Cheni nzuri haichuruziki mafuta. Ukiigusa, kidole kinang'aa tu.

Mtauliza, mara ngapi? Kila kilomita 500. Kama pikipiki ya kikundi inakimbia kilomita 80 kwa siku, basi 500 zimeisha kwa siku sita. Kwa hiyo semeni tu: mara moja kila wiki, na kila ikitoka kwenye tope au mafuriko, siku hiyo hiyo.

KUKAZA NA KULEGEZA

Cheni isikazwe kama waya wa simu, wala isining'inie kama kamba ya kuanikia nguo. Chukua rula. Katikati ya cheni ya chini, isukume juu na uivute chini kwa kidole. Mwendo wote uwe kama milimita 25 mpaka 35, karibu upana wa vidole viwili. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Zungusha gurudumu upime mahali pengine pia, kwa maana cheni huliwa sehemu moja kuliko nyingine. Pale penye kukaza zaidi ndipo pa kufuata.

Ikiwa imelegea, legeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, kisha geuza zile nati ndogo za kuvutia, kulia na kushoto sawasawa. Kuna alama zimechorwa pande zote mbili, zihesabu zilingane. Zisipolingana gurudumu litakaa upande na cheni itasaga meno. Ukimaliza kaza ekseli barabara, urudishe pini yake ya usalama kama ipo, upime tena.

Halafu usisahau breki! Gurudumu likivutwa nyuma, fimbo ya breki ya nyuma nayo hukazika. Zungusha gurudumu uone kama linashikwa, kanyaga pedali, rekebisha. Mtu akikaza cheni akasahau breki hajamaliza kazi.

Mwisho, ishushe kwenye stendi, watu wawili wakae juu yake kama watakavyosafiri, mwingine aishike cheni. Lazima ibaki na nafasi kidogo. Pikipiki ikibeba mzigo hushuka na cheni hukazika zaidi. Ile uliyoikaza sana ikiwa tupu, ikipakiwa magunia mawili ya maembe huvuta beringi za injini mpaka ziharibike. Na ile iliyolegea sana huruka meno, ikashika gurudumu au ikapasua kasha la injini. Hasara ni pande zote mbili.

UTAJUAJE KUWA IMEKWISHA?

Njia ya kwanza: ishike cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea kwako. Ikiacha jino nusu wazi, imezeeka.

Njia ya pili ni ya rula, nayo haina ubishi. Pikipiki zetu nyingi hutumia cheni namba 428. Namba huwa imepigwa muhuri kwenye kibati. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Ikaze cheni kwa mkono, uhesabu viungo 20 kutoka katikati ya pini moja. Mpya itakuwa milimita 254. Ikifika 259, msibishane, ni ya kubadilishwa.

Tazama na meno. Jino zima husimama sawasawa. Jino lililoliwa hukunjika kama ndoana. Na mkibadilisha, badilisheni vyote vitatu pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Cheni mpya juu ya meno makuukuu ni kama kumpa mzee wa vibogoyo muwa mgumu. Haitadumu, na pesa zimekwenda.

MAKOSA TUNAYOYAONA HAPA KWETU

Moja, oili chafu iliyomwagwa kwenye injini. Wengi wenu mnaitumia kwa sababu ni ya bure. Lakini ina masizi na unga wa chuma, na si nzuri kwa ngozi ya mkono. Oili mpya ya kutosha cheni ni kidogo sana.

Mbili, grisi nzito ya kupaka nje. Haifiki ndani kwenye pini. Tena ikishika mchanga wa barabara ya Wayu inageuka msasa, na msasa kazi yake mnaijua.

Tatu, kuingiza pikipiki mtoni ili kuiosha. Maji yale yale watu wanachota kunywa, na mamba naye hajafunga ofisi. Osheni kwa ndoo, mbali na mto na mfereji. Yale mafuta ya taa yaliyochafuka yaacheni yatulie kwenye kopo. Uchafu utakaa chini, na ya juu mtatumia tena.

Lakini, akina mama, hapa tusikilizeni sana. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma harufu. Wekeni kopo juu, pafungwe. Na mtoto akinywa, msimlazimishe kutapika. Yakirudi yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali.

Nne, kuondoa kava ya cheni ati kwa sababu inapiga kelele. Kava ile huzuia leso, dera, buibui na shuka. Nguo ikimezwa na cheni humvuta mtu chini. Irudisheni. Na mwendeshaji, kabla hujaondoka, mwambie abiria akusanye nguo zake. Ni neno moja tu.

SASA, MAFUTA NI YA NANI?

Tumefika kwenye lile swali la mama. Vikundi vingi vina pikipiki moja iliyonunuliwa kwa jasho la wote na kupewa kijana aendeshe, alete hesabu jioni. Tumekaa katika baraza nyingi tukasikia ugomvi huu. Kijana anasema, "Pikipiki ni ya kikundi, wanunue mafuta ya cheni." Kikundi kinasema, "Yeye ndiye anayeiendesha, ainunulie mafuta." Katikati ya maneno hayo cheni inakauka.

Sisi baada ya ile ajali ilitubidi tuuze mbuzi wawili wa mradi ili kununua seti mpya na kumlipa fundi, na pikipiki ikalala siku nne. Oili ya mwaka mzima isingefika bei ya mguu mmoja wa mbuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tulikubaliana hivi, nanyi mkiona vyema mfanye. Kikundi kinanunua oili na mafuta ya taa kutoka mfuko wa wote. Mwendeshaji anafanya kazi kila Ijumaa au Jumamosi jioni. Mwanachama mmoja, kwa zamu, anakuja kuangalia kwa macho yake na kushika cheni kwa kidole chake. Halafu wote wawili wanaandika daftarini: tarehe, kilomita, imesafishwa, imekazwa au la, sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari. Na pesa kidogo itengwe kila wiki, ili siku cheni itakapofika milimita 259 msianze kutafuta mbuzi.

Tunawaomba pia mwachie akina mama wapokee zamu hii. Katika kikundi kimoja mama mmoja mwenye umri aliinama akapima na rula, akamwambia kijana, "Mwanangu, hii haiendi Garsen kesho." Kijana alinuna, lakini haikwenda. Ilipobadilishwa seti ikaenda.

Yule mtoto wa homa sasa anatembea. Mama yake hutusalimu sokoni, wala hajatulaumu hata siku moja. Pengine angetulaumu tungejisikia nafuu. Kila Jumamosi jioni mmoja wetu akichukua ule mswaki mkuukuu, hatuhitaji kukumbushwa.

Sasa tutoke nje chini ya mwembe. Pikipiki zenu zimesimama pale, rula tunazo. Tuanze na iliyo karibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani alitia mafuta cheni ya pikipiki yetu mara ya mwisho, na lini? Imeandikwa wapi?
2. Nendeni mkapime viungo 20. Mmepata milimita ngapi?
3. Klipu imetazama upande gani?
4. Kava ya cheni ipo? Kama haipo, iko nyumbani kwa nani?
5. Mafuta ya taa ya kusafishia yanawekwa wapi, na mtoto anaweza kuyafikia?